Amri ya Wifi

Kwa miaka mitano, aliyetaka picha ya zamani katika hospitali ile alipiga hodi kwa Mama Picha. Mashine ya kwanza ya kupigia picha za kifua ilikwisha kufa, lakini picha zake zilibaki kwenye mafaili ambayo kompyuta mpya hazikuyajua kichwa wala miguu. Yeye peke yake aliweza kuyafungua, kwa kompyuta kuukuu iliyokoroma kama paka mwenye mafua.

Ndipo akaajiriwa wifi yake, kitinda mimba kwao mumewe, fundi wa kompyuta. Wiki ya tatu tu, binti akatengeneza kiprogramu kisicho na urembo: unaandika mstari mmoja wa amri kwenye skrini nyeusi, unabonyeza, na data ghafi ya picha inatoka kama mashine ilivyoinasa, tayari kusomwa na kompyuta yoyote.

“Wifi hii haikatiki!” daktari wa picha alitania, chumba kizima kikacheka. Mama Picha alicheka kwa meno tu. Moyoni kulifuka moshi. Na nyumbani mumewe: “Umemwona mdogo wangu?” Alimwona. Hakuacha kumwona.

Siku moja aliletwa seremala mwenye doa kwenye pafu. Doa likiwa jipya, atapasuliwa. Likiwa la zamani na halijakua, atarudi zake nyumbani. Wifi akaandika amri, picha ya miaka sita nyuma ikatokea. Pafu safi.

“Doa ni jipya,” daktari akasema. “Aandaliwe.”

Mama Picha akaitazama ile picha. Ilikuwa imepauka, vivuli hafifu vimemezwa. Aliipiga mwenyewe, na alilikumbuka lile doa, dogo kama punje ya mchele, kwa sababu seremala alimwuliza kama ni vumbi la mbao.

Akanyamaza. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, alijisemea. Akaenda kunywa chai, na chai ikawa tamu kweli.

Ukumbini mke wa seremala akamsimamisha. “Dada, wanapasulia wapi hasa? Hapa?” Mkono wake ulikuwa juu ya kifua chake mwenyewe.

Mama Picha akarudi mbio. “Wifi, programu yako inatupa kitu. Vivuli vyote hafifu vimepotea.”

Wifi akapekua, akashika kichwa. “Masikini mimi! Nilipunguza data ili faili liwe jepesi.” Akarekebisha, akaandika amri upya. Doa likajitokeza, ukubwa uleule wa leo.

Seremala aliambiwa avae shati lake.

“Mbona hukusema palepale?” wifi akauliza kwa sauti ya chini.

“Nilikuonea wivu.”

Kabla wifi hajajibu, daktari akachungulia mlangoni. “Mtaalamu wetu! Umerekebisha kwa dakika tano!” Akaondoka. Kifua cha Mama Picha kikawaka upya.

“Nitamwambia ni wewe uliyeliona kosa,” wifi akasema.

“Mwambie leo, wifi yangu. Kesho nitakuwa nimeshakuchukia.”