Benchi la Saruji la Bibi Atong

Adhieu hakwenda mtaa wa Hai Malakal nyumbani kwa bosi wake kunywa chai, ingawa chai ndiyo aliyopewa. Alikwenda kuuokoa utafiti wake. Serikali ya Kusini ilikuwa imeahidi kuugharamia kwa miaka kumi: apime mawimbi ya simu mjini Juba, mvua na kiangazi, ijulikane kwa nini yanabadilika, ndipo nchi ijenge minara yake kwa akili. Hata mwaka haujaisha, bosi huyo, mkurugenzi Majur, akaamua fedha zote ziende kwenye minara sasa hivi. Watu wanataka kupiga simu, alisema, si kusubiri wasomi. Kesho yake angetia sahihi hati ya kuzihamisha.

Lakini mambo ya ofisi hayaguswi nyumbani kwa mtu kabla mgeni hajamaliza chai. Basi Adhieu akanywa, roho juu juu, macho yakizurura uani mpaka yakatua kwenye benchi la saruji lililokaa katikati ya ua, halina ukuta wala kivuli. Jamani, nani hujenga benchi juani? Udadisi ukamshinda, akauliza.

Majur akaeleza kwa fahari. Pale ndipo netiweki inaposhika. Kiangazi kizima mama yake, Bibi Atong, alikuwa akibeba kiti mpaka pale kila Jumapili, akitoka misa katika kanisa la Kator, azungumze na Thiik, kitinda mimba wake aliyebaki Nairobi. Mwana mwema akaona mama asihangaike, akaita fundi.

Sasa mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha wiki ile. Bibi Atong akaja, akaketi kwenye benchi lake, simu mkononi. Kimya. Akaiinua, akaigeuza, kimya vilevile. Akanyanyuka akinung'unika, akazunguka ua ameitanguliza simu kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi, na alipofika ukuta wa jikoni ikalia. Akaongea na mwanawe amesimama, moshi ukimwingia machoni. Adhieu alitaka kucheka, akajiuma mdomo.

Bibi alipomaliza akamgeukia. "Binti, nasikia wewe ni mtu wa simu. Netiweki imehama kwa nini?"

Angeweza kubuni jibu: majani yaliyolowa, mto uliojaa, chochote. Na mbele ya bosi jibu lingempa heshima.

"Sijui, mama," akasema. "Hakuna anayejua bado. Ndiyo maana niliomba miaka kumi."

Majur alikuwa bado analitazama benchi. Akauliza, sauti imeshuka, mahali pa ile minara yake palichaguliwa lini.

"Kiangazi, mkubwa."

Haya ikampanda usoni. Akasema kwamba kesho hatatia sahihi. Apime miaka yake yote, na aanzie uani hapa. Adhieu akaimaliza chai iliyobaki.

Bibi Atong alikuwa ameshaagiza kiti chake cha plastiki kiletwe jikoni.

"Kalas, yamekwisha," akasema, akiketi. "Miaka kumi mimi huenda nisiwepo. Hilo benchi msilivunje. Mkipata jibu, njooni mliambie benchi."