Nyota na Duara

Mtafiti wa maktaba alikuwa mzaliwa wa ng'ambo ya mto, na kosa hilo ukweni hakusamehewa. Kila alipomwekea baba mkwe wake chai, mzee alimkumbusha maneno ya mwanajiografia mmoja Mwislamu wa zama za kati: watu wa mji huu ni wakarimu na maji yao matamu; wa ng'ambo ni wabishi, "hata ukiwaonyesha kosa kwa kidole hawakubali."

"Si mimi, mwanangu. Ni vitabu," mzee husema, akicheka mpaka meno ya bandia yacheze.

Mzee alikuwa fundi wa kuchonga mawe. Kabla hajatundika patasi, halmashauri ilimpa jiwe la mwisho: achonge sifa hizo mlangoni mwa ukumbi. Mkwewe akapewa siku tisa za kuyahakiki maneno.

Alianza na kitabu cha shule. Hicho kilinukuu tafsiri ya Kifaransa, nayo ilitoka kwenye ya Kilatini. Kila mmoja alimwamini aliyemtangulia, hakuna aliyejisumbua kurudi kwenye Kiarabu. Siku ya nane zikafika picha za nakala kongwe. Kumbe mnakili aliziruka sifa za miji hiyo miwili, akaziandika pembeni, kila moja na alama iliyowekwa pia kwenye jina la mji wake: nyota kwa mji huu, duara kwa ule. Haraka haraka haina baraka. Mfasiri wa Kilatini hakuzitazama alama. Alizichukua sifa kutoka juu kwenda chini, zikaangukia miji isiyo yake.

Mtafiti alicheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka. Nani angemwamini, binti wa ng'ambo? Na yeye alimpenda yule mzee. Kumharibia jiwe lake la mwisho kulimuuma kwelikweli, ila uongo ukishachongwa haufutiki.

Alimkuta karakanani, penseli sikioni, mstari wa kwanza ameshauchora.

"Baba, sifa nzuri ni za kwetu. Zenu ni zile nyingine."

"Thubutu!"

Akamwonyesha nyota. Mzee akasema hilo ni doa la wino. Akamwonyesha duara; nzi alitua hapo, mzee akasema. Mnakili alisinzia, akaongeza. Mpiga picha naye ni wa ng'ambo, bila shaka. Mtafiti akaweka kidole juu ya alama, akakiacha hapo hapo.

Mzee alikitazama kile kidole.

"Hata ukiwaonyesha kosa kwa kidole..." alisema taratibu. Kisha akaangua kicheko, akaketi juu ya mawe, machozi yakimtiririka. Mtafiti naye akacheka.

Mzee alichukua kitambaa kibichi, akaufuta mstari wake.

"Nisomee polepole, mwanangu. Hilo neno 'wabishi' nitalichonga kubwa kuliko yote."

"Halmashauri watabisha, baba."

"Waache wabishe," akasema, akiishika patasi. "Jiwe litapata mashahidi."