Duara la Pili Lapanda kwa Mama

Usiku wa jana, notisi za jiografia ya miji zikiwa zimenifunika kifuani badala ya shuka, niliota nimechelewa mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa wa asubuhi ya leo, kwa hiyo nilichelewa mapema.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Dokta Rwegoshora, mwalimu wetu, alikuwa amevaa suti na ndala, na mkononi alishika kijiti cha kuendeshea ringi, kile cha watoto wa mtaani. Ubaoni yalikuwepo maduara matano, moja ndani ya jingine, yale yale niliyoyakariri wiki nzima: katikati maduka na ofisi, la pili viwanda, la tatu wafanyakazi, na kuendelea mpaka nje kabisa wanakokaa wenye magari.

"Nkwimba," akaniita. "Mji unakuaje?"

"Kwa maduara, Dokta."

"Safi. Basi tuanze."

Analigonga duara la pili kwa kijiti. Duara linashuka ubaoni, linajipangusa chaki, linatoka mlangoni. Tunalifuata. Nje si chuo tena. Ni Mabatini, kwetu, mlima umejaa mawe na nyumba zimejibanza katikati yake.

Duara ni chapakazi. Linampitia kinyozi, na kinyozi anajikuta Buhongwa, huko mwisho wa mji, mashine bado inanguruma mkononi. Mteja wake amebaki Mabatini na nusu ya nywele. Anauliza atapandaje gari na kichwa kile.

"Vumilia," Dokta anamwambia. "Huu ni mpangilio."

Nilikuwa nacheka, mpaka nilipoona linakoelekea. Lilikuwa linapanda kwa mama.

Nyumba yetu ina kuta tatu za tofali. Ukuta wa nne, wa jikoni, ni jiwe lenyewe la mlima. Marehemu baba alijenga hivyo ili kubana matumizi, na mama akiipua chochote hukiweka kwenye bega la jiwe hilo. Tulimkuta anasonga ugali.

"Pole na kazi, mama," Dokta akasema. "Hapa panatakiwa kiwanda cha kuchambua pamba. Wewe unahamia duara la tatu."

"Kasema nani?"

"Binti yako. Amejibu vizuri sana."

Mama akanigeukia, akaacha kusonga. Afadhali angenichapa na mwiko. Niliona aibu.

"Dokta, naomba kubadilisha jibu."

"Ukibadilisha, unadisko."

Kudisko ni kufukuzwa chuo, na mama ameuza dagaa juani miaka miwili ili nisidisko. Nikamtazama mama, nikautazama mwiko.

"Basi nidisko," nikasema. "Hapa lisipite."

"Nadharia haipigi hodi," duara likajibu, nalo lilikuwa na sauti ya kike, ya upole. Likaingia hivyo hivyo. Likajigonga kwenye jiwe, ngwee!

"Taratibu," jiwe likasema.

Nikaliamkia, maana limenizidi umri. "Shikamoo."

"Marahaba, Nkwimba. Huyu ni nani anaingia kwa watu hivi?"

"Duara la pili. Limechorwa na watu wa miji ya tambarare."

"Ndiyo maana." Jiwe linafikiri, na jiwe likifikiri unasubiri. "Mimi sihami. Lakini nina shida. Mama yako ananiunguza bega. Kila siku sufuria la moto, pu! Hata pole hakuna. Duara ninalolikubali hapa ni moja tu, ngata ya kitambaa. Aweke ngata chini ya sufuria, nami nitabaki kuwa ukuta wenu. Unaahidi?"

"Naahidi."

"Paza sauti, masikio yangu ni ya mawe."

"Naahidi!"

Jiwe linaegemea mbele kidogo tu, kama mtu anayetafuta miwani. Duara linapinda, linakuwa ndizi. Dokta analiokota, analigeuza huku na huku.

"Hili halimo kwenye notisi," anasema, na machozi yanamlengalenga. Nilimhurumia kwa kweli.

Nikazinduka. Kulikuwa kumekucha na uji ulikuwa ukinukia. Niliingia jikoni nikiwa na notisi mkononi, nikasimama.

Mama alikuwa amesokota kipande cha kanga kuukuu, akakiviringisha ngata nzuri ya duara, akaiweka begani kwa jiwe. Sufuria la uji lilikaa juu yake likifuka moshi. Tangu nizaliwe sijawahi kuona ngata jikoni kwetu.

"Mama, ngata ya nini leo?"

"Si uliahidi mwenyewe?" Akanisogezea kikombe. "Kunywa uwahi mtihani. Na safari hii uangalie unavyojibu."