Sensa ya Nne

Niiteni fundi mkipenda, lakini fundi wa kweli hamalizi kazi huku masikio yakiwa barabarani. Mimi nilimaliza hivyo, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Kazi ilikuwa Newala, kwenye ghala la korosho la Mama Huruma. Ilikuwa miaka ile watu binafsi walipokwisha kuruhusiwa kununua korosho, kila mwenye uwezo akajenga ghala lake, na wezi nao wakazidi. Mama Huruma akaleta kutoka Dar es Salaam sensa nne za kufunga nje, zile zinazomwona mtu akipita, pamoja na risiva yake ya kuweka ndani na rimoti mbili za kuizima. Waya hakuna. Sensa ikimwona mtu inaiarifu risiva, risiva inapiga king'ora.

Ila risiva haiijui sensa mpaka uitambulishe. Unabonyeza kitufe cha risiva, taa nyekundu inawaka, kisha unakwenda kupita mbele ya sensa ili taa izime. Unafanya hivyo kwa kila moja.

Mlinzi, mzee Lukmani, Baba Somoe, alinishikia ngazi siku nzima. Yeye Mmakua, mimi Mmakonde, watani, basi hakunipa nafasi ya kupumua.

"Shikamoo, Baba Somoe."

"Marahaba, mla panya. Hicho kisanduku chako kitakuja na ugali wake au kitakula wangu?"

"Kitakula wako. Panya mmeshawamaliza nyie."

Sensa tatu nikazitambulisha. Ya nne, ya nyuma, nilikuwa nimekwisha kuikaza ukutani pale pikapu ya kwenda Masasi ilipopiga honi. Nikajisemea, hii nitaimalizia keshokutwa. Nikamwambia Mama Huruma, "Tayari, mama," nikakimbilia lifti. Mpumbavu mkubwa mimi!

Kesho yake nikaitwa mbio. Ghala limevunjwa mlango wa nyuma, magunia yamekwenda. Nilimkuta Lukmani ameketi chini, kofia mkononi, watu wamemzunguka.

"Rimoti za kuzima tunazo wawili, mimi na huyu," alisema Mama Huruma. "Mimi nilikuwa kwangu. King'ora hakikulia. Nani alikizima? Fundi, hebu kakague mashine yako."

Nikaingia peke yangu. Nikabonyeza kitufe, nikatokea mlango ule uliovunjwa, nikapita mbele ya sensa ya nne, nikarudi. Taa ilikuwa imezimika. Nilijua ninachofanya, sikupitiwa. Niliogopa kwamba nikisema ukweli hakuna tena atakayenipa kazi, Newala wala Masasi.

"Mashine nzima, mama," nikasema.

Lukmani akaninyanyulia macho. "Mtani, angalia tena."

Nikatazama pembeni. Askari wawili wakafika, mmoja akamshika mkono mzee wa watu, akamwinua kama gunia. Hapo nikashindwa.

"Mwacheni! Kosa ni langu! Sensa ya nyuma sikuitambulisha jana, nimeitambulisha sasa hivi!"

Watu wakaangua kicheko. "Watani hao! Mmakonde anamfia Mmakua wake!"

Mama Huruma hakucheka. Alizunguka nyuma ya ghala mwenyewe, taratibu. King'ora kikalia mpaka watu wa sokoni wakageuka. Akarudi, akakizima kwa rimoti yake.

"Fundi, utani una mahali pake. Hapa si msibani, watani wafanye vituko."

"Mama, naapa kwa Mungu..."

"Usimtaje Mungu. Umeniambia nzima, na nimeiona nzima."

Nikamgeukia askari, nikamshika shati, nikamweleza habari ya kitufe na taa. Akanisukuma kando, akaniambia nisimchezee akiwa kazini. Mjinga mimi, ushahidi pekee wa kumtoa yule mtu nilikuwa nimeufuta kwa miguu yangu.

Walipomfikisha kwenye gari, Lukmani aliomba dakika moja. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Sikujua unanipenda hivi," alisema. "Umejivunjia heshima mbele ya mji mzima, umesema uongo, kwa ajili yangu. Mungu akulipe, mwanangu."

"Si uongo, Baba Somoe. Haki ya Mungu, si uongo."

"Basi, basi," akanipigapiga begani. "Inatosha, mtani. Umejitahidi."