Makundi ya Rangi Nne

Mkufunzi aliingia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali na maputo thelathini, stika za rangi nne na kurasa sitini na mbili za kuonyesha ukutani. Mashine mpya ya kupiga pasi mashuka, ambayo ndiyo aliyokuja kuifundisha, alikuwa ameiona mara moja tu, tena kwenye picha. Lakini alisoma mahali kwamba watu wazima hujifunza wakichangamka, basi akaja kuwachangamsha. Mkataba wake ulikuwa mahututi. Saa tano mkurugenzi angekuja kutazama mashuka yakipita kwenye mashine, na yasipopita, Mkufunzi atafute kazi nyingine.

Alianza na mchezo wa kufahamiana. Wafuaji wale kumi na sita walikuwa wamefahamiana miaka kumi na tisa, wakijuana hadi mawifi na maradhi, ila walikuwa watu wa adabu, wakarushiana mpira. Kila mmoja alitakiwa ajitambulishe kwa mnyama ampendaye. Mmoja akasema paka. Msimamizi wao, ambaye wote walimwita Mama Mkubwa, akasema yeye ana watoto watano na hajabakiwa na nafasi ya mnyama. Mkufunzi akampigia makofi kwa ushiriki mzuri.

Kisha akatoa kile alichojivunia zaidi. Wafuaji wale walifanya kazi wawili wawili, na kila jozi ilikuwa ile ile tangu zamani. Yeye akazitenganisha zote kwa stika, wekundu huku, kijani kule, ili watu wabadilishane uzoefu. Mama Mkubwa alinyoosha mkono kueleza jambo. Akajibiwa kwa upole kwamba maswali yana muda wake, ukurasa wa sitini.

Saa tano mkurugenzi akafika, akaegemea mlango. Shuka la kwanza likaingia. Sasa, kwa kelele za chumba kile hakuna anayesikia neno, kwa hiyo wafuaji huzungumza kwa kugonga meza, na kila jozi ina lugha yake. Kwa mfuaji mmoja wa kundi la kijani, mara mbili ni achia. Kwa mwenzake mpya, mara mbili ni vuta. Akagonga, mwenzake akavuta, shuka likajiviringisha kwenye rola na nusura liondoke na kidole cha mtu. Mama Mkubwa akabonyeza kitufe chekundu cha kuzimia mashine. Mkufunzi alikuwa bado anakitafuta kwenye ukurasa wa arobaini.

Mama Mkubwa akapita akibandua stika moja moja. Kila mtu akarudi kwa mwenzake, mashuka yakapita yamenyooka. Mkurugenzi akauliza mbinu hiyo ni ya nani.

"Yake," akasema Mama Mkubwa, akimwonyesha Mkufunzi. "Ametuonyesha kwanza namna ya kukosea."

Mkurugenzi alifurahi mno. Mkataba ukaongezwa pale pale, na Mkufunzi akaagizwa wiki ijayo aipeleke mbinu hiyo hiyo, asipunguze kitu, kwenye hospitali nyingine sita.

Mlango ulipofungwa, alibaki amesimama na puto mkononi, aibu imemjaa. Alikuwa anawaza vidole vya watu wa hospitali sita. Akamfuata Mama Mkubwa, akamwomba amfundishe. Mama Mkubwa hakumuuliza anapenda mnyama gani. Alimpa ncha ya shuka.

"Shika hapo, mwanangu. Nikigonga mara mbili, achia."

"Na nisipoachia, mama?"

Lilikuwa swali la kwanza la maana aliloliuliza tangu asubuhi. Mama Mkubwa akawasha mashine.