Duara la Ukweli la Bwana Medard

Shirika lililotuita kambini lina jina refu kiasi kwamba halikutosha kwenye kifua cha fulana, likaishia kwapani. Fulana zenyewe zilikuwa za njano, na tulipewa Ijumaa asubuhi kabla hata ya chai, kabla mtu hajaulizwa amelalaje. Kambi ya faraja ya siku tatu kwa familia zinazoishi na virusi vya UKIMWI, ndivyo barua ilivyosema, kwenye kituo cha mikutano juu kidogo ya mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu. Nilitoka Kinyala na binti yangu Tulia, wa miaka kumi na miwili, pamoja na baba mkwe wangu, kwa sababu barua ilitaka familia iende nzima.

Aliyetuongoza anaitwa Medard. Alikuja kutoka Dar es Salaam na koti zito la mtu anayepanda Kilimanjaro, na kila baada ya sentensi mbili alitaja safari: safari ya uponyaji, safari ya kujikubali. Mimi safari ninayoijua ni ya kwenda kliniki kuchukua vidonge vyangu na vya Tulia, mvua inyeshe isinyeshe, na sijawahi kukutana na Medard njiani.

Sikufuata fulana wala wali kuku. Tulia alizaliwa na virusi. Anameza dawa tangu hajajua kuhesabu, na siku zote nimemwambia ni za kifua. Sista Marietha, nesi wa kliniki yetu, mtu wa Bukoba mwenye akili zake timamu, alikuwa amenibana miaka miwili: Mama Tulia, mtoto anakua, mwambie wewe kabla hajaambiwa na mwingine. Nikawa naahirisha. Mara mitihani, mara chai inasubiri kuchumwa, mara mtoto ana mafua. Mwishowe tukakubaliana kwamba nitamwambia kambini, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kwenye chumba kidogo cha nyuma, mimi, Tulia na yeye Sista tu. Wiki nzima nilipanga maneno nikichuma chai. Na kwenye fomu ya kambi, pale walipouliza kama mtoto anaijua hali yake, niliandika HAJUI kwa herufi kubwa nikapiga mstari chini yake mara mbili. Medard alizikusanya fomu akazitia kwenye mkoba wake wa ngozi. Sidhani kama ziliona jua tena.

Sasa huyo baba mkwe. Kwetu Wanyakyusa mwanamke hamkabili baba wa mume wake. Hamtazami usoni, hali naye, halitaji jina lake, na wakikutana njiani anapisha, anaingia migombani mpaka mzee apite. Wazee wanaiita ukutila, heshima ya mkwe. Wengi wa rika langu wameacha, wanakaa na wakwe zao sebuleni wanatazama mpira, na siwalaumu. Sisi hatujaacha. Miaka kumi na mitatu naishi kwake na hatujawahi kusemeshana. Akiwa na neno anamwambia Tulia: mwambie mama yako mbuzi wamefunguka. Mimi niko hatua tano, nimesikia kila kitu, lakini nasubiri Tulia ageuke anirudie neno kwa neno. Mume wangu alipofariki na ndugu zake wakataka nirudi kwetu na ugonjwa wangu, mzee huyu aliwaambia kwamba mimi ni mke wa mwanawe na hapa ndipo kwangu. Kesho yake alikwenda kunilimia shamba la viazi, nami nilibaki jikoni mpaka alipomaliza, maana singeweza hata kumpelekea maji.

Medard hakuuliza lolote kati ya haya. Watu wa aina yake hawaulizi, wanaeleza.

Jumamosi asubuhi akapanga viti vya plastiki uwanjani kwa ajili ya kitu alichokiita duara la ukweli. Familia kumi na moja. Watoto waliokuwa wakicheza rede upande wa pili nao wakaitwa. Sista Marietha akamfuata haraka akamnong'oneza, nikaona anaonyesha upande wangu. Medard akamwinulia kidole kimoja asubiri, akaendelea. Kila familia ikae ikitazamana, akasema, mshikane mikono, muangaliane machoni.

Baba mkwe akanyanyua kiti chake, akakigeuza, akakaa akitazama Mlima Rungwe. Mimi nikavuta kitenge mpaka kwenye nyusi nikageukia upande mwingine. Tulia katikati yetu akawa anamenya ndizi, kwa sababu kwake hapakuwa na jambo geni.

Medard alipotuona alifurahi, na furaha ile sitaisahau. Akamwita mpiga picha. Akafungua orodha yake, ile yenye majina yetu na dawa zetu, hiyo alikuwa ameisoma vizuri, akaja kusimama nyuma yetu.

"Ndugu zangu, huu ndio unyanyapaa," akasema, sauti imelegea kwa huruma. "Mzee Ambilikile amempa mgongo mkwewe kwa sababu ya virusi. Na huyu mtoto, ambaye amezaliwa navyo, anajifunza nini hapa?"

Watu waliinamisha vichwa. Karibu wote pale walijua kwa nini mzee amegeuka. Elina wa Masukulu, mama mtu mzima, alimwambia kwa upole kwamba ile ni heshima, si kutengana. Medard akamjibu kwamba anaelewa, ila mara nyingi mila ndiyo kichaka cha unyanyapaa. Kisha akanishika mkono anivute kwa baba mkwe tukumbatiane, na mpiga picha akapiga goti. Nikaunyakua mkono wangu. Ningeweza kumzaba kofi, na mpaka leo najilaumu sikumzaba.

Tulia alikuwa ameacha kutafuna.

"Mama," akaniuliza, "mtoto gani amezaliwa navyo?"

Mvua ikashuka wakati huohuo, hizi zetu zisizobisha hodi. Watu wakakimbilia barazani, na Medard wa kwanza, ameikumbatia orodha yake ndani ya koti. Mpiga picha akajibanza chini ya mti, kamera bado imetuelekea. Baba mkwe akafungua mwavuli wake mweusi, akampa Tulia bila kunitazama. Akasogea hatua chache, akasimama kati yetu na ile kamera, ametupa mgongo, mvua inampiga kichwani.

"Tulia, mwambie mama yako akwambie yote," akasema. "Mimi sisikii."

Tulia hakunirudia neno. Alinitazama tu akisubiri.

Basi nikasema. Yale maneno niliyoyapanga wiki nzima yalinikimbia yote. Nilianza na kifo cha baba yake, ambacho nilitaka kiwe mwisho. Nikasema vidonge si vya kifua, ni vya virusi vya UKIMWI, kwamba alivipata kwangu nilipomzaa, kwamba nami ninavyo, kwamba akimeza kila siku atakua, atasoma, atazaa watoto wazima. Nilikuwa nimeona aibu kubwa na aibu ile ikanigeukia hasira. Nikaanza kumtukana Medard. Nikamwita mpumbavu, mfanyabiashara wa machozi ya watu, mtu mzima asiyeweza kusoma neno moja lililopigiwa mistari miwili. Nikamwambia Tulia kwamba yule bwana hakuwa na haki ya kumwambia, kwamba ametuibia siku yetu. Nilitaka tumchukie pamoja, mimi na yeye, pale chini ya mwavuli.

Tulia alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakulia.

"Yeye ananijua tangu jana," akasema. "Wewe unanijua tangu nizaliwe."

Nilikuwa na mitihani, na chai, na mafua, na vyote hivyo vilikuwa vya kweli.

Akanishikisha mwavuli. Akaingia mvuani, akaenda kusimama ubavuni mwa babu yake, akamshika mkono. Mzee akauinua upindo wa koti lake kuukuu akamfunika nao kichwa, na hakuna aliyegeuka.

Zilikuwa hatua sita, labda saba. Lakini pale aliposimama baba mkwe mimi siendi, sijawahi kwenda, na Tulia analijua hilo kuliko mtu yeyote.