Mkono wa Birika

Mwandishi aliruka aya nzima, akakohoa, akafunua ukurasa na kuendelea kusoma kwa sauti kama mtu aliyejikwaa akajifanya anacheza. Shangazi yake, fundi cherehani, alikuwa akipinda sketi ya shule. Mguu wake ulitulia juu ya kanyagio.

"Rudi nyuma," alisema. "Hapo ulipokohoa."

Kitabu kilikuwa chake cha kwanza, na kilisifiwa kwa tamathali zake, hasa ile ya bibi mchoyo ambaye mkono wake wa kulia haukunyooka. Msemo wa mkono wa birika, ambao kila mtu huutumia kumteta bahili, mwandishi aliuvika nyama na kiwiko. Sifa zilimvimbisha kichwa. Aliwahi kusimama mbele ya walimu wa fasihi akaeleza jinsi msemo uliochakaa unavyofufuliwa. Kiwiko alikitoa wapi, hilo hakulisema.

Sasa kilikuwa mbele yake, kimepinda juu ya meza ya cherehani, kimekandamiza kitambaa kisiteleze. Macho ya shangazi yalikuwa yameshindwa na herufi ndogo, ndiyo maana alimwita aje amsomee.

"Hapo hapana la maana, Shangazi."

"Mteja wangu kaniambia hapo ndipo nilipo. Soma, mwanangu."

Akasoma. Sentensi alizokuwa akijivunia zilimtoka moja moja: bibi aliyekunja mkono siku alipoombwa kikombe cha maji, ukagandia hapo hapo. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Ni lugha ya picha tu," alisema. "Si wewe."

"Picha ya nani?"

Mwandishi alikifunga kitabu.

"Umeandika vizuri. Nimemwona kabisa. Hata mimi nisingemwomba maji huyo." Shangazi alikata uzi kwa meno. "Ila umesema mkono wa kulia. Wangu ni wa kushoto. Ndio niliokubebea."

Habari hiyo mwandishi aliijua tangu utotoni: homa, ngazi za zahanati zilizolowa mvua, shangazi akianguka na kumkumbatia asimwachie. Mtoto alitibiwa kwanza. Mkono uliovunjika ulisubiri, ukaunga vibaya. Alipokuwa akiandika hakuwa amesahau. Aliiacha kwa sababu mchoyo alisomeka vizuri zaidi, na mkono akauhamishia kulia ili asijione mwizi.

"Nisamehe, Shangazi."

Shangazi alimpa sindano na uzi. "Nitungie hii. Macho yangu ndiyo hayo tena."

Alijaribu. Uzi ulipita pembeni, mara ya pili, mara ya tatu.

"Na huyo bibi," shangazi aliuliza taratibu, "mwishoni anazikwa na nani?"

Jibu lilikuwa katika ukurasa wa mwisho, ule uliosifiwa kuliko yote. Hakuja mtu. Mwandishi aliilamba ncha ya uzi, akainama karibu zaidi na sindano, akaendelea kulitafuta tundu.